Mama Lala

Babirye alinitambua kwa sauti kabla hajaniona uso. Ilikuwa sokoni Kalerwe, asubuhi, mvua imekatika sasa hivi, nami nimesimama mbele ya mafungu ya nyanya nikiuliza kama zile za chini hazijapondeka. Niliuliza kwa Kiswahili, maana mpaka uzee huu Kiganda changu ni cha kuomba maji na kushukuru tu. Mwanamke aliyekuwa ameinama akizipanga aliacha mkono wake hewani. Hakuinua kichwa. Akasema polepole, "Mama Lala?" Ndipo akanitazama, akacheka, akapiga makofi, akawaita wenzake wa meza za jirani. "Mje muone! Huyu ndiye Mama Lala wa Kisugu. Niliwaambia, mkasema naongopa!" Wale wanawake wakanipima juu mpaka chini, kikongwe mwenye fimbo na kikapu cha plastiki. Mmoja akasema kitu kwa Kiganda, wakacheka. Babirye akampiga begani. "Usisikie huyo, mama. Mdomo yake haina mlango." Akanijazia nyanya mpaka kikapu kikanishinda kubeba, akakataa kupokea hela. Nilizifikisha nyumbani nikazitazama tu, nikashindwa kuzipika siku ile.

Haikupita miezi mingi akanipigia simu kuniambia mama yake amefariki. Mama yake tulimwita Nalongo, kwa heshima wanayopewa Kampala wanawake waliozaa mapacha. Na mumewe, baba wa mapacha, alikuwa Salongo. Jina la Nalongo la ubatizo nilikuja kulisikia likisomwa mazishini, na hilo peke yake liliniinamisha kichwa, kwa sababu mwanamke yule tuliishi naye ukuta mmoja karibu mwaka mzima. Nimeandika shajara tangu ujana, mistari miwili mitatu kila jioni, kwa elimu yangu ndogo ya shule ya kambi ya askari nilikokulia. Niliporudi kutoka mazishini nililitafuta daftari la mwaka ule. Karibu kila ukurasa unasema maneno yale yale: Leo salama. Klara amekula. Mvua. Leo salama. Sikuandika uongo. Ndiyo maana naona aibu. Wakati mji mzima unatembea umeshika roho mkononi, mimi nilikuwa na mwaka mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na nataka nieleze ulikuwa mzuri kwa namna gani na kwa gharama ya nani. Nitajaribu kuwa wa haki kwa kila mtu, na kwangu pia kama nitaweza.

Kampala, chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba vilivyoshikana tunakiita mzigo. Nilipanga mzigo Kisugu, chumba cha mwisho cha safu, mimi na binti yangu Klara aliyekuwa anakaribia kuanza shule. Baba yake alikwishakwenda zake, na habari zake ziishie hapo hapo. Watu walinihurumia kwa kuwa peke yangu, lakini sikuwahi kubeba mzigo mwepesi kama ule. Kilikuwa na dirisha moja la mbao, kitanda kimoja, na meza niliyoikunjia blanketi kuukuu juu yake kwa ajili ya kupiga pasi. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kufua na kupiga pasi sare za polisi. Wake zao walizileta kwa mafurushi kutoka kambini na mimi nilizirudisha zimesimama zenyewe kama mbao, kwa wanga wa muhogo niliouchemsha mwenyewe. Ule ulikuwa mwaka wa kukosa sabuni. Sukari, chumvi, mafuta ya taa, vyote vilikuja na kupotea kama wageni wasiosema watarudi lini, na maduka yalikuwa na rafu tupu zinazopanguswa vumbi kila asubuhi kwa mazoea. Mimi nilikata kipande cha sabuni kwa uzi, kikawa vipande vyembamba vya kuonekana jua upande wa pili, na sufuria nilisugua kwa majivu.

Nilijivunia sana moto wangu. Makaa niliyaweka kwanza kwenye pasi. Yalipopoa kidogo, yasiweze tena kunyoosha kola, niliyamimina kwenye sigiri yakaivisha maharage. Maharage yakiiva, moto ule ule uliobaki ulipasha maji ya Klara ya kuoga, na majivu yakaenda kwenye sufuria. Mke wa polisi mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko, alinikuta siku moja nikihamisha makaa kwa koleo, akasema, "Wewe dada, huo moto ukifa utauzika na sanda?" Nikamjibu kwamba sanda yenyewe ningeifua kwanza. Alicheka akaketi juu ya furushi. "Na mume je? Hutafuti mwingine?" Nikaiinua pasi. "Huyu hapa. Ana joto, anakula mkaa tu, na nikichoka naye namwaga majivu." Klara aliyakariri maneno hayo akawaambia watu wote wa ua. Jumapili tulipika mchuzi wa karanga na ndizi, tukala kutoka sinia moja, na chai tuliinywa ya mchaichai bila sukari mpaka tukaona ile ya sukari ndiyo yenye kasoro. Juu ya blanketi la pasi Klara alijifunza herufi kwa chaki. Herufi zilifutika kila nilipopitisha pasi, naye hakuchoka kuziandika upya. Nikiutazama ule mwaka kutoka hapa nilipo, naona mikono yake midogo imejaa chaki, na moyo wangu unataka kufurahi. Mara nyingine naukubalia, mara nyingine naukataza.

Na jioni ilikuwa nzuri kupita mchana. Watu walifunga milango mapema miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Jua likikaribia kuzama ua mzima ulikuwa kimya, wala hukusikia mwiko. Mimi nilikuwa nimekulia kambini, kwenye kelele za filimbi na ugomvi wa walevi, basi kimya kile nilikipokea kama zawadi. Nilisema moyoni, nimepata majirani wapole. Nilimlaza Klara upande wa ukutani nikampigapiga mgongoni, nikamwambia, "Lala. Lala, mama. Lala." Nina sauti nzito, ndivyo nilivyoumbwa, na Klara alikuwa mbishi wa usingizi, kwa hiyo nilianza kwa ukali, "Lala! Nimesema lala! Nyamaza!" halafu polepole nikaanza kuimba, wimbo wenyewe hauna maneno mengi zaidi ya hilo hilo lala. Ukuta kati yetu na kina Nalongo ulikuwa tofali moja, juu haukufika bati. Nililijua hilo. Niliwasikia wakikohoa. Sikuwaza kamwe kwamba sauti inayovuka kuja kwangu huvuka pia kwenda kwao.

Kwenye bomba la maji walinipisha. Foleni ya madumu ingeweza kuwa ndefu kufika kwenye kichaka, lakini nikitokea na dumu langu Nalongo, aliyenizidi umri, angesogeza lake. "Mama Lala, wewe tangulia. Sisi nangoja." Nami nilitangulia! Nilisema asante, nikatangulia, nikadhani ni kwa sababu wanaona nina kazi nyingi na mtoto peke yangu. Hata jina lile nililipenda. Ulimi wa Kiganda unachanganya r na l, nao Klara walimwita Kulala, na mimi Mama Kulala, ambalo baadaye likakatwa likawa Mama Lala. Hivyo ndivyo nilivyojielezea. Kiswahili changu nilikionea fahari kama sare iliyopigwa pasi, nikajipa kazi ya kuwanyoosha wengine. Nalongo akisema, "Leo sukali hakuna," mimi naitikia, "Sukari, Nalongo. Sukari." Akisema, "Kalibu," mimi nasema, "Karibu." Naye alirudia kila mara, macho chini, mpaka alipatie. "Su-ka-ri." Nilimsifu. Nilidhani tunataniana. Mwanamke mwenye watoto wawili na nywele zimeanza mvi, nimemsimamisha bombani namfundisha kusema sukari, kitu chenyewe hakipo.

Katikati ya mwaka ule mumewe alipotea siku chache. Salongo alikuwa dereva wa pikapu ya ndizi, akizitoa vijijini kuzileta Kalerwe, mtu mrefu wa kuimba asubuhi huku akifuta kioo. Siku hizo chache pikapu haikuonekana, na aliporudi alirudi kwa miguu. Nilimuuliza Nalongo, akasema, "Malelia." Nikamwambia, "Malaria," kisha nikampelekea kipande cha tangawizi. Aliipokea kwa mikono miwili akipiga goti, kama wanawake wa Kiganda wanavyofanya, na nikaona ni adabu nzuri. Salongo hakutoka tena nje mchana. Asubuhi haikuimbwa. Niliandika kwenye daftari: Jirani anaumwa. Leo salama.

Kila mtu mwingine wa ua ule alijua kilichompata. Mimi nilikuja kukijua mchana mmoja nilipowahi kurudi kutoka kupeleka sare. Nilipofika kwenye kona ya choo nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka uani. Sisemi sauti kama yangu. Ilikuwa yangu hasa, nzito na ya haraka, imetiwa kwenye koo la mtoto. "Kuja hapa! Wewe nani? Lala! Nimesema lala! Nyamaza!" Nikachungulia. Mapacha wa Nalongo, Babirye na Nakato, walikuwa wamelala kifudifudi kwenye udongo, mikono imetandazwa. Juu yao amesimama Klara wangu, ubao wa sanduku begani kama bunduki, kichwani amejifunga kitambaa cha kaki nilichobakiza kutoka kwenye suruali. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba binti yangu ni mtoto wa kupenda upweke, na hapo niliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo akipata wenzake.

Halafu Klara akaweka chini ubao wake, akachuchumaa kati ya mapacha, akaanza kuwapigapiga migongoni na kuimba, "Lala, mama, lala."

Babirye aliinua kichwa, matope shavuni, amekasirika. "Aa, si hivyo! Weye unaharibu. Askari hapana imba!"

"Huyu anaimba," Klara akasema.

"Hakuna askari ya kuimba! Akisema lala, nalala chini, kisha anakanyaga hapa." Akajionyesha shingoni. "Taata alisema." Taata ndiye baba.

"Mama yangu anasema lala kisha anaimba."

"Ehee," Nakato akasema bado amelala, sauti imezibwa na udongo. "Mama yako ni askari ya kike. Ndiyo Mama Lala."

Nalongo alitoka wakati huo huo na beseni, akaniona kona nilipo, akaona watoto, akaelewa yote kabla yangu. Beseni lilimwanguka. Alinijia akiwa ameinama, akapiga magoti mbele yangu kwenye maji yale yaliyomwagika, viganja vimeshikana. "Nsonyiwa, nyabo. Nisamehe. Watoto hapana akili. Mimi nachapa wao, leo leo nachapa. Wao najifunza kwa watoto ya njiani, si kwetu. Kwetu hapana sema kitu. Nyabo, kwetu hapana sema kitu yoyote."

Nilitaka kumwambia asipige magoti, kwamba yeye ni dada yangu mkubwa, kwamba mimi ni mfua nguo tu. Nilikuwa na maneno mengi sana kifuani. Lililotoka lilikuwa moja, na lilitoka kwa koo langu hilo nililopewa. "Simama!"

Akasimama. Alisimama wima mara moja, mikono ameining'iniza mbali kidogo na mwili ili niione, macho yake yakitazama mahali juu ya bega langu. Nyuma yake pazia la mlango wao lilitikisika, na nikaona mguu wa mwanamume, mrefu, mweupe kwa kukosa jua na mafuta, ukivutwa ndani. Nikamshika Klara mkono nikaingia kwangu nikafunga mlango. Hata sikumwokotea beseni.

Jioni nilimuuliza Klara wanacheza nini siku zote. Alinieleza vizuri, kama mtoto anavyoeleza sheria za mchezo. Baba ya Babirye alikuwa barabarani na pikapu yake, askari wakaweka mti kuziba njia, wakasema lala, akalala, na wengine walikuwa wamelala pembeni yake na baadaye hawakuamka. "Walisema Kiswahili kama wewe," Klara akaniambia. "Ndiyo maana mimi ndiye askari kila siku. Wao hawajui kusema." Alisema hilo kwa fahari. Lilikuwa ndilo jambo pekee ambalo watoto wa ua walimpa, na alilifanya vizuri.

Nataka kuandika hapa kilichofuata kama kilivyokuwa, bila kujipaka matope yasiyokuwepo wala kujifuta yaliyopo. Siku ile sikuwa nimemdhuru mtu kwa mkono. Sikupeleka jina la mtu popote, wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Wale polisi niliowafulia, wengine walikuwa watu wema waliotetemeka kama sisi, na wengine sijui, sikuuliza, nilizifua sare za wote kwa wanga ule ule nikazianika katikati ya ua, kaki tupu toka ukuta hadi ukuta, ambapo Salongo angeziona kila akifungua macho. Haya yote ni kweli, na ni kweli pia kwamba Kampala ya miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Lakini nilikuwa nimeupokea woga wa watu nikauita upole, nikala matunda yake kila siku. Kimya changu kizuri cha jioni kilikuwa watu walioshika pumzi. Nafasi yangu bombani, vivyo hivyo. Nilipolala usiku ule niliiona aibu kama harufu iliyo kwenye nguo zangu mwenyewe.

Basi nikaacha kusema lala. Ndiyo dawa niliyoiona. Jioni iliyofuata nilimlaza Klara bila neno, mkono mgongoni tu, na alipouliza nilimziba mdomo kwa kidole. Kwa Kiganda neno la kumwambia mtu alale nililijua: webake. Nilikuwa nimelisikia likivuka ukuta mara nyingi, Nalongo akiwaambia mapacha wake. Ningeweza kulisema. Nililisema moyoni, nililizungusha ulimini, na kila lilipofika kwenye meno niliwaza ukuta ule, niliwaza nikilikosea na upande wa pili wananisikia, mimi niliyewasimamisha watu kwa ajili ya sukari. Nikaona haya. Nikanyamaza. Kila jioni, jua likishuka, chumba changu kilinyamaza kuliko vyote. Nikapunguza hata kukohoa. Nilidhani nawapa kitu.

Nilimpelekea pia Nalongo sukari. Mke wa polisi yule wa kucheka alikuwa amenipa kiasi kwenye karatasi, akaniambia nisiulize ilikotoka, na mimi na Klara tuliiangalia tukaamua wenzetu wana watu wanne. Nalongo aliipokea kwa magoti. "Webale nyo, nyabo. Asante kwa su-ka-ri." Alilitamka bila kosa. Sijawahi kusikia neno likiniuma hivyo. Nilifungua mdomo niseme jambo, naye akasubiri, ametulia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, nikasema, "Haya," nikaondoka.

Mwezi haukuisha wakahama. Asubuhi moja Nalongo alikuja mlangoni kuaga, akasema mama mkwe anaumwa huko mbele ya Nateete na lazima waende kumwuguza. Mapacha walibeba sufuria vichwani. Salongo alitoka wa mwisho, amejifunika blanketi, na alipopita mbele ya mlango wangu aliinamisha kichwa akasema kwa Kiswahili, "Asante, afande." Klara alilia siku nzima. Mimi niliingia kwenye chumba chao kitupu nikidhani labda nitakuta kitu wamesahau niwakimbilie nacho. Kilikuwa kimefagiwa, hata utando wa buibui hawakuuacha. Dirishani palikuwa na ile karatasi ya sukari, imefungwa nilivyoifunga mimi, na sisimizi mmoja akiizunguka akitafuta mlango. Hawakuionja. Sijui kama waliogopa imetiwa kitu, au walihifadhi ushahidi kwamba hawakukataa, au hawakuitaka tu. Tuliila mimi na Klara. Ningesema uongo nikisema tuliitupa. Mwaka ule nani angeitupa sukari?

Nilibaki Kisugu miezi mingine, na hapa ndipo naona aibu ninayoshindwa kuitolea hesabu: tuliendelea kuwa na furaha. Maharage yaliiva juu ya makaa ya pasi. Klara alianza shule na gauni la gunia la unga nililolishona likakaa sawa mabegani. Jirani mpya alikuwa fundi wa viatu kutoka Kongo, mwimbaji wa nyimbo za kanisa, tukasemezana naye Kiswahili juu ya ukuta bila kuogopana. Juzi nilimuuliza Klara kwa simu, ambaye sasa yuko Jinja na ana watoto wakubwa, kama anakumbuka mchezo wa askari. "Hapana, mama. Nakumbuka chaki. Nakumbuka tulikuwa tunafurahi." Haki ya mtoto ni kukumbuka anachokumbuka.

Mazishi yalikuwa huko huko mbele ya Nateete, kwenye shamba lao la ndizi. Nilifika nimechelewa na miguu imevimba. Baada ya kaburi kufunikwa Babirye, mwenyewe sasa ni bibi, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba tukakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimebeba maneno yangu njia nzima. Nilimwambia kwamba siku ile ya mchezo nilisikia yote, na kwamba tangu jioni iliyofuata niliacha kabisa kusema neno lile, kwa ajili ya baba yake. Nilitaka ajue angalau hilo.

Babirye alinitazama, nikaona anapima kama aniambie.

"Mama," akasema, "ile wakati ya lala, taata alikuwa nashuka kitandani. Kila jioni. Ukisema lala, anashuka, analala chini na tumbo, hivi. Maama analala chini pamoja na yeye. Na sisi pia. Kisha weye naimba, basi maama anasema, sikia, ameanza kuimba, imekwisha. Na taata anapanda kitandani, analala usingizi. Ilikuwa hivyo. Tulizoea." Alivunja kijiti akakitupa. "Kisha weye ukanyamaza. Hapo ndiyo ilikuwa mbaya. Taata hakulala tena. Alikaa natazama ukuta. Alisema, zamani alikuwa anaongea. Sasa anasikiliza."

Nilikiokota kile kijiti.

"Tulihama kwa ile kunyamaza," Babirye akasema. "Si kwa lala."

"Alipona?" nikauliza.

"Kuendesha hakuendesha tena. Lakini alizeeka. Alikufa kitandani, usingizini, mgongo chini. Maama alifurahi sana kwa hiyo mgongo." Akacheka kidogo, akafuta jicho. Halafu akanitazama miguu. "Wee, mama, miguu imekuwa kama mito! Kuja ndani."

Jua lilikuwa bado kali. Alinipitisha kati ya wafiwa, akaingia chumba cha pembeni, akatandika mkeka chini karibu na ukuta, akakunja shali yake kwa ajili ya kichwa changu. Vitukuu viwili vya Nalongo vilichungulia mlangoni, akavifukuza kwa kiganja. "Pole na safali, Mama Kulala," akaniambia. "Lala. Lala kidogo."

Sikumsahihisha. Nilishuka polepole, goti moja, kisha la pili, nikalala, uso umeelekea ukutani. Upande wa pili wanawake walikuwa wakiosha masufuria ya msiba na kusimuliana habari za marehemu kwa Kiganda, sauti juu, na mara kicheko, na mara mtu akilia katikati ya kicheko. Walijua niko pale. Walikuwa wameniona nikiingia. Hawakupunguza sauti. Nilielewa neno moja moja tu. Nililala pale nikiwasikiliza.